Lishe ya mtu binafsi na kinga ya demensia

Lishe ya mtu binafsi kwa ajili ya kinga ya demensia ni utaratibu wa kupanga chakula cha mtu kulingana na umri wake, hali ya afya yake, vipimo vyake, urithi wake na mazingira anamoishi, ili kupunguza uwezekano wa kupatwa na demensia au kuchelewesha kuanza kwake. Utaratibu huu unatofautiana na ushauri wa jumla, ambao huwapa watu wote orodha moja ya vyakula vya kula na vya kuepuka.

Hakuna chakula kinachojulikana kuponya demensia, wala hakuna mlo unaomhakikishia mtu kwamba hatapatwa nayo. Kinachoonekana katika tafiti ni kwamba chakula huathiri shinikizo la damu, kisukari, lehemu, uzito na kiwango cha vitamini mwilini, na mambo hayo huathiri ubongo. Kwa kuwa hali hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu, ushauri unaomfaa mmoja unaweza usimfae mwingine, na mara nyingine unaweza kumdhuru.

Demensia kwa ufupi

Demensia ni jina la pamoja la hali zinazotokana na magonjwa mbalimbali ya ubongo, ambazo humfanya mtu apoteze kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, kuzungumza na kujitunza. Kwa Kiswahili huitwa pia ugonjwa wa kusahau au shida ya akili. Aina inayotokea zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni kati ya asilimia 60 na 70 ya demensia zote. Jina hilo linatokana na daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Aina ya pili kwa wingi hutokana na madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, hasa baada ya kiharusi. Wazee wengi huwa na mchanganyiko wa aina hizo mbili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na demensia, na kwamba karibu wagonjwa wapya milioni 10 hupatikana kila mwaka. Zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika jamii nyingi dalili za ugonjwa huu huhesabiwa kuwa sehemu ya kawaida ya uzee, na wakati mwingine hunasibishwa na uchawi, hivyo wagonjwa wengi hawafikishwi hospitalini.

Umri mkubwa na urithi ni visababishi visivyoweza kubadilishwa. Hata hivyo, mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba The Lancet lilitaja visababishi 14 vinavyoweza kupunguzwa, na kukadiria kwamba kwa pamoja vinahusiana na takriban asilimia 45 ya demensia duniani. Baadhi yake havihusiani na chakula, kama vile elimu duni, upungufu wa kusikia, upweke na uchafuzi wa hewa. Vingine vinagusana na chakula moja kwa moja: shinikizo la juu la damu, kisukari, unene uliokithiri, lehemu nyingi na unywaji wa pombe kupita kiasi.

Jinsi chakula kinavyogusa ubongo

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili unapopumzika. Nishati hiyo huletwa na damu kupitia mishipa mingi, mingine ikiwa myembamba sana. Kwa sababu hiyo, kitu chochote kinachoharibu mishipa ya damu huharibu ubongo pia.

Chakula hufika kwenye ubongo kwa njia kadhaa:

Kwanza ni njia ya mishipa. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na mafuta yanayoganda kwa urahisi, kama yale ya nyama nono na siagi, huongeza lehemu mbaya katika damu. Kwa miaka mingi hali hizo hufanya mishipa kuwa migumu na myembamba.

Pili ni njia ya sukari. Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata demensia kuliko asiye nacho. Sukari inayobaki juu katika damu huharibu mishipa midogo, na mwili unaposhindwa kuitikia insulini, kazi za seli za ubongo nazo huathirika.

Tatu ni njia ya upungufu. Ubongo na mishipa ya fahamu huhitaji vitamini B12, foleti, vitamini B1, madini ya joto na asidi za mafuta za omega-3. Upungufu wa B12 unaweza kuleta usahaulifu unaofanana na demensia, lakini ambao mara nyingi hutibika ukigunduliwa mapema.

Nne ni njia ya uchochezi, yaani hali ya kinga ya mwili kubaki imewaka kwa muda mrefu hata pasipo maambukizi. Unene, sukari nyingi na vyakula vilivyosindikwa sana vinahusishwa na hali hiyo.

Historia ya utafiti

Milo ya jumla

Tafiti za mwanzo zilitafuta mlo mmoja ulio bora kwa watu wote. Mlo uliochunguzwa zaidi ni ule wa nchi za Mediteranea, wenye mboga, matunda, kunde, karanga, samaki na mafuta ya zeituni, pamoja na nyama nyekundu kidogo. Mwingine ni mlo wa DASH, uliobuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1990 kwa ajili ya kushusha shinikizo la damu.

Mwaka 2015 mtafiti Martha Clare Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, waliunganisha milo hiyo miwili na kuunda mlo wa MIND. Mlo huo una makundi 10 ya vyakula vinavyohimizwa, yakiwemo mboga za majani, kunde, nafaka zisizokobolewa na samaki, na makundi 5 ya kupunguza, yakiwemo nyama nyekundu, siagi na vyakula vya kukaangwa. Katika uchunguzi wao wa watu 923, waliofuata mlo huo kwa karibu zaidi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata ugonjwa wa Alzheimer kwa asilimia 53 kuliko waliofuata kidogo kabisa.

Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba chakula ndicho kilicholeta tofauti, kwani wanaokula vizuri mara nyingi pia wana elimu zaidi, kipato zaidi na hufanya mazoezi. Kwa hiyo lilifanyika jaribio la watu 604 nchini Marekani kwa miaka mitatu, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2023. Kundi lililopewa mlo wa MIND na kundi la ulinganisho, lililobaki na vyakula vyake vya kawaida, yote yalishauriwa kupunguza kiasi cha chakula. Makundi yote mawili yalipungua uzito na kufanya vizuri kidogo zaidi katika majaribio ya kumbukumbu, lakini hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Matokeo hayo yaliwafanya watafiti wengi waulize si tu mlo gani ni bora, bali ni nani anayefaidika na mlo gani.

Kuelekea mlo wa mtu binafsi

Jaribio la FINGER lililofanyika Finland chini ya uongozi wa Miia Kivipelto lilihusisha watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa na dalili za hatari ya demensia. Nusu yao walipata ushauri wa kawaida wa afya. Nusu nyingine walipata kwa miaka miwili mpango wenye sehemu nne: chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa shinikizo la damu na hatari nyingine za moyo. Wataalamu wa lishe walikutana na kila mshiriki peke yake, pamoja na kufanya vikao vya vikundi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba maendeleo ya kundi la mpango katika majaribio ya uwezo wa akili yalizidi yale ya kundi la ulinganisho kwa asilimia 25. Kwa kuwa sehemu zote nne zilitolewa pamoja, haiwezekani kusema mchango wa chakula peke yake ulikuwa kiasi gani.

Jaribio kama hilo lililofanywa Marekani kwa watu 2,111, liitwalo U.S. POINTER, lilitoa matokeo mwaka 2025. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, lakini lile lililosimamiwa kwa karibu liliendelea vizuri zaidi kuliko lile lililoachwa lijipangie lenyewe.

Wakati huohuo tafiti nyingine zilionyesha kwamba miili ya watu haipokei chakula kwa namna moja. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walipima sukari ya watu 800 kwa wiki moja. Waligundua kwamba chakula kilekile kiliweza kupandisha sana sukari ya mtu mmoja na kisimguse mwingine. Utafiti wa PREDICT uliochapishwa mwaka 2020, wenye washiriki zaidi ya 1,000 wa Uingereza wakiwemo mapacha, ulipata tofauti kubwa hata kati ya pacha waliofanana kabisa kijeni.

Je, ushauri wa mtu binafsi unafaa kuliko ule wa jumla? Jaribio la Food4Me katika nchi saba za Ulaya lilijibu swali hilo kwa upande wa tabia ya kula. Waliopewa ushauri wao binafsi walibadilisha mlo wao kuliko waliopewa ushauri wa jumla. Hata hivyo, kuongeza taarifa za jeni juu ya ushauri huo hakukuleta faida zaidi.

Mambo yanayotofautisha mtu na mtu

Umri na uzito

Unene uliokithiri katika umri wa kati huongeza hatari ya demensia, hivyo mtu wa miaka 45 mwenye uzito mkubwa hushauriwa kupunguza. Uzeeni hali hugeuka. Kupungua uzito bila kukusudia kunaweza kuanza miaka kadhaa kabla ya demensia kutambuliwa, na mzee aliyekonda hupoteza misuli na nguvu. Kumzuia mzee wa miaka 80 asile mafuta, mayai au nyama kwa kufuata ushauri uliotolewa kwa watu wa makamo kunaweza kumdhoofisha. Kwake jambo la muhimu mara nyingi ni protini na nishati ya kutosha.

Shinikizo la damu

Kwa mwenye shinikizo la juu, kupunguza chumvi ni hatua ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika mkate, viungo vya unga na samaki wa chumvi. Matunda, mboga na kunde huongeza madini ya potasiamu, ambayo husaidia kushusha shinikizo. Lakini mwenye ugonjwa wa figo anaweza kudhurika na potasiamu nyingi, hivyo ndizi, parachichi na chumvi mbadala zinazosifiwa kwa wengine huenda yeye akatakiwa kuzipunguza.

Kisukari

Kwa mwenye kisukari, kiasi na aina ya wanga ni jambo kubwa. Ugali wa dona, mtama au ulezi una nyuzinyuzi nyingi kuliko ugali wa sembe, na wanga unaoliwa pamoja na maharage, mboga na samaki hupandisha sukari polepole zaidi kuliko unaoliwa peke yake. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hapaswi kufunga au kupunguza chakula ghafla bila kumwuliza daktari, kwani sukari ikishuka mno nayo hudhuru ubongo.

Vitamini B12

B12 hupatikana kiasili katika vyakula vya wanyama, kama maini, samaki, mayai na maziwa. Walio katika hatari ya upungufu ni wasiokula vyakula hivyo, wazee ambao tumbo lao halitoi asidi ya kutosha, na wanaotumia kwa muda mrefu dawa ya kisukari iitwayo metformini au dawa za kupunguza asidi ya tumbo.

Jaribio la VITACOG lililofanywa Oxford, Uingereza, ni mfano mzuri wa umuhimu wa kupima kwanza. Wazee wenye usahaulifu mdogo walipewa vitamini za kundi B kwa miaka miwili. Kwa jumla kusinyaa kwa ubongo wao kulipungua kwa takriban asilimia 30. Kwa wale waliokuwa na homosisteini nyingi katika damu, ambayo ni dalili mojawapo ya upungufu wa vitamini hizo, kulipungua kwa zaidi ya nusu. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba walionufaika ni wale waliokuwa pia na omega-3 ya kutosha. Kidonge kilekile, basi, kilimfaa mmoja na hakikumfaa mwingine.

Jeni

Jeni inayojulikana zaidi ni APOE, ambayo aina yake ya e4 huongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer. Uhusiano wake na ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 1993. Kuwa na e4 si hukumu: wengi wenye nayo hawapati demensia, na wengi wasio nayo hupata. Katika jaribio la FINGER, wenye e4 walinufaika na mpango kama wengine. Kwa sasa hakuna mlo uliothibitishwa kwa ajili ya wenye e4 pekee.

Meno, hamu ya kula na kipato

Mpango mzuri huangalia pia kama mtu anaweza kutafuna na kumeza, nani humpikia, anakula peke yake au na wenzake, na ana fedha kiasi gani. Ushauri wa kununua zeituni na samaki aina ya samoni hauna maana kwa familia isiyoweza kuvipata.

Ushahidi kutoka Afrika

Uchunguzi wa Ibadan na Indianapolis, ulioanza miaka ya 1990 ukiongozwa na Hugh Hendrie na Adesola Ogunniyi, ulilinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa jiji la Indianapolis, wote wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba demensia mpya zilikuwa asilimia 1.35 kwa mwaka huko Ibadan, dhidi ya asilimia 3.24 huko Indianapolis. Wayoruba walikuwa pia na lehemu kidogo, na e4 haikuonyesha uhusiano na ugonjwa kwao kama ilivyo kwa Wazungu. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba urithi hauwezi kutenganishwa na mazingira, chakula kikiwemo, na kwamba matokeo ya Ulaya na Marekani hayawezi kuhamishiwa Afrika bila kupimwa upya.

Nchini Tanzania, utafiti katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri. Kwa hiyo dhana kwamba ugonjwa huu ni wa nchi tajiri si sahihi.

Mkoani humohumo lilifanyika jaribio lililochapishwa mwaka 2025, likihusisha wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili vya vijijini, kama ndizi, magimbi, maharage na mboga za majani, walipewa vyakula vya mtindo wa Magharibi kwa wiki mbili, na baadhi ya watu wa mjini wakapewa vya asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Dalili za uchochezi ziliongezeka kwa waliohamia vyakula vya Magharibi, na zilipungua kwa waliohamia vya asili na kwa waliokunywa mbege. Jaribio hilo halikupima demensia, wala halina maana kwamba pombe ni kinga.

Mpango wa Africa-FINGERS, unaohusisha Chuo Kikuu cha Aga Khan cha Nairobi na watafiti wa Nigeria, unalenga kurekebisha mfano wa Finland ufae mazingira ya Afrika.

Vyakula vingi vya Afrika Mashariki vina sifa zilezile zinazotafutwa katika mlo wa Mediteranea. Mchicha, matembele na kisamvu vina foleti. Kunde, choroko, mbaazi na maharage vina protini na nyuzinyuzi. Dagaa wana omega-3 na B12. Parachichi lina mafuta ya aina ileile inayopatikana kwa wingi katika zeituni. Mafuta ya nazi na ya mawese yana asidi nyingi za mafuta yanayoganda, hivyo mwenye lehemu nyingi hushauriwa kuyatumia kwa kiasi.

Jinsi mpango unavyoandaliwa

Mpango wa kawaida hufuata hatua hizi:

1. Historia ya mtu: umri, magonjwa, dawa anazotumia, demensia katika ukoo, na mabadiliko ya uzito.
2. Vipimo: shinikizo la damu, uzito na urefu, sukari, lehemu, wingi wa damu, kazi ya figo, na B12 au tezi ya shingo inapobidi.
3. Kumbukumbu ya chakula: anachokula kwa siku kadhaa, pamoja na chumvi, sukari ya chai na pombe.
4. Kuchagua mabadiliko machache, mawili au matatu, yanayolenga tatizo lililo kubwa zaidi kwake.
5. Kupima tena baada ya miezi michache na kurekebisha.

Vipimo vingi kati ya hivyo hupatikana katika hospitali za kawaida. Vipimo vya jeni na vya bakteria wa utumbo, vinavyouzwa na kampuni mbalimbali, bado havijaonyeshwa kuongeza kinga dhidi ya demensia.

Mipaka na ukosoaji

Demensia huchukua miaka mingi kujengeka, ilhali majaribio mengi ya chakula hudumu miaka miwili au mitatu tu. Mengi hupima alama za majaribio ya kumbukumbu, si idadi ya waliougua.

Kuhusu vidonge vya virutubisho, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri vitamini B, vitamini E wala mafuta ya omega-3 kwa ajili ya kuzuia demensia kwa watu wote. Jambo hilo halipingani na kumtibu mtu aliyepimwa akakutwa na upungufu. Baadaye, jaribio la COSMOS nchini Marekani lilionyesha manufaa madogo ya kidonge cha vitamini mchanganyiko kwa kumbukumbu za wazee, lakini halikuonyesha kwamba kinazuia ugonjwa.

Wakosoaji husema pia kwamba kusisitiza chakula cha mtu mmoja mmoja kunaweza kumfanya mgonjwa au familia yake wajilaumu, na kunaweza kuficha wajibu wa jamii: bei ya vyakula, chumvi inayowekwa viwandani, elimu na matibabu ya shinikizo la damu. Demensia huwapata hata waliokula vizuri maisha yao yote.

Mtu anayeanza kusahau mambo kwa namna isiyo ya kawaida anapaswa kupimwa hospitalini kabla ya kubadilisha chakula, kwa kuwa baadhi ya visababishi vya usahaulifu, kama upungufu wa B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, sonona na madhara ya dawa, hutibika.

Tazama pia

Ugonjwa wa Alzheimer
Kisukari
Kiharusi
Lishe
Shinikizo la damu
Uzee
Vitamini